Kuunda Taya Upya

Msomaji, ukiifuata Ndia Kuu katika Mji wa Kale wa Mombasa, ukashuka mpaka kwenye bandari ya majahazi na kusimama ukielekeza uso kwenye mlango wa bahari, utakuwa umesimama mahali panapofaa kuanzia habari hii. Habari yenyewe ni ya taya, mfupa ambao mtu aghalabu haukumbuki mpaka siku umwumapo.

Tarehe 7 Aprili 1498 merikebu tatu za Wareno, chini ya amri ya Vasco da Gama, zilitia nanga nje ya mlango huo. Nahodha hakuthubutu kuingia bandarini, maana hakuwaamini wenyeji, wala wenyeji hawakumwamini yeye. Ndani ya merikebu hizo walikuwamo wagonjwa wengi. Mmoja wa wasafiri, ambaye aliandika mambo ya safari ile siku kwa siku, ameeleza jinsi maradhi yalivyowapata miezi michache nyuma, katika pwani ya Msumbiji: mikono na miguu ilivimba, na fizi zikakua zikafunika meno hata hawakuweza kula. Kesho yake baada ya kufika, mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa na malimau kwa wingi, miwa, na pete iwe dhamana ya amani. Mwandishi yule akaandika kwa furaha kuwa wagonjwa wao wote walipata afya walipofika katika mji huu, na sababu aliyoitoa ni uzuri wa hewa yake. Watu wa Mvita hawakatai hewa yao kusifiwa. Lakini kwa haki sifa ile ilikuwa ya machungwa. Maradhi yenyewe ni kiseyeye, nayo huletwa na ukosefu wa matunda na mboga mbichi. Ilipita karibu miaka 250 kabla daktari James Lind wa merikebu za kivita za Uingereza kujaribu, mwaka 1747, kuwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau, akaona kwa macho yake wanavyoinuka. Wema wa machungwa ya Mombasa haukulipwa kwa wema: mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, aliuteka mji akauchoma moto.

Nimeanza na kiseyeye ili uone tofauti. Fizi zile hazikukatwa wala hazikushonwa. Mwili ulikuwa na ujuzi wote wa kujitengeneza. Ulichokosa ni kitu kimoja tu, na kitu hicho kilipoletwa, kazi iliendelea. Lakini liko taya ambalo halirudi. Risasi ikilisagasaga na kulichukua, au uvimbe ukilila mpaka hapana budi likatwe, hakuna tunda wala dawa iwezayo kuotesha lingine. Palipokuwa na mfupa pamebaki shimo. Jinsi wanadamu walivyojifunza kuliziba shimo hilo ndiyo historia nitakayokusimulia.

Kwanza pima mwenyewe thamani ya mfupa huu. Tamka polepole jina la mji: Mombasa. Midomo yako imekutana mara mbili, na taya la chini limeshuka kwa kila irabu uliyoitoa. Katika mifupa yote ya kichwa, ukiacha ile midogo mno ya ndani ya masikio, ndilo peke yake liendalo na kurudi. Mingine yote imekaa kimya mahali pake. Ulimi nao umefungwa kwa misuli nyuma ya mfupa wa kidevu, kama mashua iliyofungwa gatini. Kidevu kikiondoka kamba imekatika, na mtu akilala chali ulimi hurudi nyuma ukaziba njia ya pumzi. Mdomo wa chini, ukikosa nguzo, huanguka, mate hayazuiliki, chakula hakitafuniki, maneno hutoka yamevunjika. Zaidi ya hayo yote ni uso wenyewe. Mtu aliyepoteza mguu huketi barazani pamoja na wenzake, akasikilizwa. Aliyepoteza taya hutafuta chumba cha ndani, na akitoka hujifunika shela au kitambaa, kwa kuwa wapitao humwangalia mara mbili.

Waganga wa zamani walijua kuliunga taya lililovunjika, maadamu vipande vyake vyote vilikuwapo. Abulkasim az-Zahrawi wa Kordoba, aliyefariki yapata mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake kikubwa cha tiba namna ya kuvirudisha vipande mahali pake kwa mkono na kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, akachagua dhahabu kuliko fedha kwa kuwa haiharibiki kinywani. Ufundi huo wa kuyafunga meno ili mfupa utulie unatumika hata leo, ila uzi umekuwa wa chuma cha pua.

Somo la pili lilitoka ng'ambo ya bahari hii hii yetu, katika Bara Hindi, ambako majahazi ya pwani yalikuwa yakienda kwa upepo wa kusi na kurudi kwa kaskazi. Huko walikuwako mafundi waliojua, tangu zamani sana, kumtengenezea pua mtu aliyekatwa pua. Mwezi wa Oktoba 1794 gazeti moja la London lilichapa habari za Cowasjee, mwendesha magari ya ng'ombe wa jeshi la Waingereza, ambaye alitekwa na askari wa Tipu Sultani akakatwa pua. Fundi mmoja karibu na mji wa Pune aliichana ngozi ya paji la uso wake, akaigeuza na kuiteremsha mpaka mahali pa pua, lakini hakuikata yote: aliacha kishina katikati ya nyusi, ili ngozi iendelee kunywa damu ya mahali ilikotoka mpaka itakapoota mizizi mahali papya. Shika neno hilo, msomaji, kwa sababu habari yote iliyobaki inalizunguka. Mkulima ahamishaye mche huung'oa pamoja na udongo wake. Kiungo cha mwili kinachohamishwa kina udongo wake pia, nao ni damu.

Basi ujuzi wa kuhamisha ngozi ulikuwapo. Lakini taya ni mfupa, na mfupa ulikaidi. Palihitajika majeruhi wengi mno, kwa wakati mmoja, ndipo madaktari walazimike kupambana na ukaidi huo. Majeruhi hao waliletwa na Vita Vikuu vya kwanza vya dunia, vya mwaka 1914 mpaka 1918.

Kisiwa cha Mombasa kilivijua vita hivyo mapema. Mwezi wa Novemba 1914 jeshi lililoletwa na Waingereza kutoka Bara Hindi lilishindwa na Wajerumani pale Tanga, nalo likarudi Mombasa kwa meli likiwa na mamia ya majeruhi. Baada ya hapo silaha, farasi, chakula na watu vilipita Kilindini mfululizo. Katika nchi zisizokuwa na njia za magari, mzigo wa jeshi ulibebwa vichwani. Wapagazi walioandikwa na Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kupita milioni moja, na waliokufa hawakupungua 95,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa malaria, kuhara damu na njaa. Sanamu za shaba zilizosimama katika Barabara ya Jomo Kenyatta, ambazo labda umezipita mara nyingi bila kuinua macho, zinawakumbusha watu hao.

Huko Ulaya vita vilikuwa vya namna nyingine. Majeshi yalikaa ndani ya mahandaki, na mtu aliyeinua kichwa kuchungulia alitoa uso wake kwa adui. Vipande vya mizinga vilipasua mashavu na kuchukua videvu, na mwenye jeraha hilo mara nyingi hakufa, kwa sababu ubongo na moyo vilikuwa salama. Wengine walikufa njiani kwa ajili ya kosa dogo: wachukuzi wa machela waliwalaza chali, kama majeruhi wote, na ulimi usiokuwa na kidevu cha kuushikilia ukawaziba koo. Ilichukua muda kufahamika ya kwamba mtu aliyevunjika taya aketishwe akiinama mbele, au alazwe kifudifudi.

Mwaka 1915 alifika Ufaransa daktari kijana, Harold Gillies, mzaliwa wa mji wa Dunedin katika New Zealand. Kazi yake ilikuwa ya masikio, pua na koo. Huko alimwona daktari wa meno, Charles Valadier, ambaye inasimuliwa kuwa alifunga kiti cha kutibia meno ndani ya gari lake la Rolls-Royce, akijaribu kuziba mapengo ya mataya kwa vipande vya mfupa. Gillies alivutwa na kazi ile asiiache tena. Mwaka 1916 alipewa wodi katika hospitali ya jeshi ya Aldershot, Uingereza. Baada ya mapigano ya mto Somme kuanza, mwezi wa Julai, alitazamia majeruhi 200. Wakaletwa wapatao 2,000. Mwaka uliofuata ikafunguliwa hospitali nzima kwa ajili ya nyuso tu, katika kitongoji cha Sidcup karibu na London. Kabla ya kufungwa kwake katika miaka ya 1920 ilikuwa imewatibu watu zaidi ya 5,000, kwa kupasua zaidi ya mara 11,000. Katika wodi hapakuwa na vioo. Mabenchi kadhaa ya barabara iendayo mjini yalipakwa rangi ya buluu, ili mpita njia ajue kuwa aketiye hapo huenda ana uso utakaomshtua.

Wapasuaji wa kwanza wa vita walikosea kwa haraka yao. Waliona shimo, wakavuta ngozi ya pande mbili wakaishona juu yake. Jeraha lilipona, kisha kovu likajikaza, na uso ukavutwa upande mmoja kama nguo iliyoshonwa juu ya pengo. Gillies alifanya kinyume. Alikifungua tena kila kilichoshonwa vibaya, akarudisha kila kipande cha asili mahali pake, ndipo akauliza: ni nini kilichopungua? Mwenzake katika kazi hiyo, daktari wa meno William Kelsey Fry, alivishika vipande vya taya vilivyosalia kwa vyuma vilivyofungwa kwenye meno, visisogee huku nyama ikipona. Mmoja alishughulika na kigumu, mwingine na kilaini. Mpaka leo ukienda kwa matabibu wa taya utawakuta hivyo hivyo, mpasuaji na mtu wa meno wakiinamia kinywa kimoja.

Mwezi wa Oktoba 1917 Gillies alikuwa akimtibu baharia aliyeungua uso katika mapigano ya Jutland. Alipoichana ngozi ya kifua ili kuipandisha usoni, aliona kingo zake zinajikunja zenyewe kwa ndani. Akazishona pamoja, na ngozi ikawa kama mkeka uliokunjwa, mrija uliofungwa pande zote, wenye damu ndani na usioingiwa na uchafu kwa nje. Kwa mirija ya namna hiyo ngozi iliweza kusafirishwa kutoka kifuani au tumboni mpaka usoni, hatua kwa hatua, kwa muda wa miezi. Wagonjwa walitembea bustanini wakiwa na mikonga ya ngozi yao wenyewe. Yafaa nitaje jambo moja zaidi la Sidcup. Mgonjwa asiyekuwa na taya hawezi kufunikwa uso kwa kitambaa cha dawa ya usingizi, kwa kuwa mpasuaji anapataka mahali pale pale. Kwa ajili hiyo Ivan Magill na mwenzake Stanley Rowbotham walisanifu mpira mwembamba wa kuingizwa mpaka ndani ya koromeo. Leo mtu apasuliwaye tumbo katika hospitali yoyote ya Mombasa, asiyekuwa na kasoro yoyote usoni, hupumua kwa mrija wa ukoo huo.

Sidcup iligawanywa katika sehemu: ya Waingereza, ya Wakanada, ya Waaustralia, na ya watu wa New Zealand. Mpagazi wa Kilindini hakuwa na sehemu yake.

Na mfupa je? Madaktari wa pande zote mbili za vita, Wajerumani kwa Waingereza, walichonga vipande vya nyonga, vya ubavu na vya goko, wakavipachika katika pengo la taya. Pengo likiwa fupi, kipande kilishika. Likiwa refu, mara nyingi kilioza au kikayeyuka kidogo kidogo mpaka kikaisha. Sababu yake utaiona ukikumbuka mche na udongo. Ngozi ya Cowasjee ilihamishwa pamoja na damu yake. Mfupa wa nyonga ulikatwa ukawekwa mkavu, ukingoje damu ya jirani ije iutembelee. Mfupa wa sentimita 6 hivi waweza kungoja. Mrefu zaidi hufa, hasa ndani ya kinywa, ambamo mate na vijidudu vyake havilali. Kwa miaka hamsini na zaidi jambo hilo lilisimama pale pale.

Wakati huo ufundi wenyewe ulifika Afrika Mashariki, nao ulifika kwa njia ya ukoo. Binamu wa Gillies, Archibald McIndoe, mzaliwa wa Dunedin vile vile, alipata sifa katika Vita vya Pili kwa kuwatengeneza nyuso marubani walioungua. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa Michael Wood, mpasuaji Mwingereza aliyehamia Kenya baada ya vita hivyo. Mwingine alikuwa Mmarekani, Tom Rees. Mwaka 1956, chini ya mlima Kilimanjaro, watatu hao walifanya shauri, na mwaka 1957 wakaanzisha shirika la madaktari waendao kwa ndege, ambalo sasa tunalijua kwa jina la Amref. Wood aliendesha ndege mwenyewe. Walikokwenda waliwakuta watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka, watu walioungua motoni, na watu walioraruliwa nyuso na fisi usingizini. Ilikuwa miaka arobaini tangu Sidcup. Waweza kusema ni muda mrefu, nami sitakupinga.

Mwaka huo huo wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, lilitokea jambo lililobadili fikira za watu juu ya kisu chenyewe. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mwairishi aliyepoteza jicho moja tangu utotoni, aliitwa amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba mataya yote mawili, kulia na kushoto, juu na chini. Burkitt hakupata kuona kitu kama hicho. Siku si nyingi baadaye, akiwa Jinja, akaona mtoto wa pili mwenye uvimbe ule ule, naye akatambua kuwa hilo halikuwa jambo la nasibu. Alituma barua na picha katika hospitali za bara zima, na mwaka 1961 akaondoka kwa gari pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakasafiri maili 10,000 kwa muda wa wiki kumi, wakiuliza katika hospitali moja baada ya nyingine: je, mmeuona uvimbe huu? Jibu lilichora ramani. Saratani hiyo ya watoto ilikaa katika nchi za joto na mvua, zenye malaria nyingi. Katika milima yenye baridi haikuonekana. Katika Kenya ilikuwa maradhi ya pande za ziwa na ya pwani yetu hii. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wa London waliona ndani ya chembe za uvimbe huo kirusi ambacho sasa kina jina lake.

Kwa habari yetu ya taya, jambo kubwa ni lililofuata. Kumkata mtoto uvimbe huo kulimharibu uso na hakukumwokoa. Lakini Burkitt huko Kampala, na Peter Clifford huko Nairobi, walipojaribu dawa mpya za saratani mwanzoni mwa miaka ya 1960, waliona uvimbe ukinywea kwa siku chache. Baadhi ya watoto walipona kabisa, na mfupa uliokuwa umeliwa ukajijaza. Ni habari ya machungwa tena: mwili ulikuwa na ujuzi, uliondolewa tu kizuizi. Hadi leo mtoto avimbaye taya hupaswa kufikishwa hospitali upesi, kwani uvimbe huo hukua kwa kasi ya ajabu, na ukiwahiwa watoto wengi hupona bila kisu.

Uko uvimbe mwingine ambao tabia yake ni kinyume cha huo kwa kila jambo. Unaitwa ameloblastoma. Huzaliwa na chembe zilezile zilizotengeneza meno, huwashika zaidi vijana na watu wa makamo, na uchunguzi wa hospitali za Nairobi na Dar es Salaam umeukuta kuwa miongoni mwa uvimbe wa taya unaoonekana zaidi katika nchi zetu. Hausikii dawa. Hukua polepole, kwa miaka, na aghalabu hauumi. Kutouma huko ndiko kunakowaponza watu.

Niruhusu nikuumbie mtu wa mfano. Ni kijana wa Kibokoni, umri wake miaka 20. Gego moja limelegea. Nyuma ya shavu pana kijivimbe kama punje ya mbaazi, naye anakunywa kahawa yake na kula mahamri kama kawaida. Mwaka wa pili kimekuwa kama ndimu. Mtu amemng'oa gego, uvimbe ukabaki. Mwingine amemkwangua ndani, ukarudi, kwani uvimbe huu ukikwanguliwa tu huacha mizizi ndani ya mfupa. Mwaka wa nne taya limevimba kama chungwa, na yeye haendi tena barazani. Anaambiwa kuwa nusu ya taya lazima ikatwe. Amewahi kumwona mtu aliyekatwa taya akaachwa hivyo, naye anauchagua uvimbe. Tusimlaumu upesi. Ikiwa dawa tunayompa mtu ni shimo, tusistaajabu akilikimbia.

Jibu la hofu yake lilikuja kwa njia ya hadubini. Katika miaka ya 1960 na 1970 wapasuaji walijifunza kushona mishipa ya damu yenye upana wa milimita mbili au tatu, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, wakitazama kupitia lenzi. Maana yake ni kubwa. Sasa haikuwa lazima kuacha kishina kama fundi wa Pune, wala kukunja mkonga kama Gillies. Kiungo kiliweza kukatwa kabisa na mishipa yake, kikapelekwa popote mwilini, kikaunganishwa na mishipa ya huko. Mwaka 1975 Ian Taylor na wenzake wa Melbourne walitangaza kuwa wamehamisha namna hiyo mfupa wa mguu mmoja kuutengeneza mguu mwingine. Mwaka 1989 David Hidalgo wa New York akatangaza kuwa ameutumia mfupa huo huo kuunda taya.

Papasa mguu wako chini ya goti. Mfupa mnene ulio mbele ndio goko, nao huchukua karibu uzito wote wa mwili. Kwa upande wa nje uko mfupa mwingine, mwembamba kama ufito. Mpasuaji aweza kuutoa mwingi wa mfupa huo, sentimita 20 na zaidi, akiacha kipande cha juu kwenye goti na cha chini kwenye kifundo, na mtu akatembea. Ni mrefu wa kutosha taya zima, ni mgumu wa kubeba meno, na mshipa wake wa damu unaufuata ubavuni kwa urefu.

Kazi huchukua saa nane, pengine kumi na mbili. Kundi moja la madaktari lipo kichwani likikata taya bovu, na likipita mpaka kwenye mfupa mzima ili mizizi isibaki. Kundi la pili lipo mguuni, likiutoa mfupa pamoja na kipande cha ngozi kilichoshikamana nao. Ufito ule umenyooka, na taya limepinda. Basi hukatwa pembe mbili tatu kwa msumeno mdogo na kukunjwa, kama seremala akunjavyo ubao wa fremu, huku mshipa wa upande wa pili ukiachwa mzima usiguswe na meno ya msumeno. Vipande hufungwa kwa bamba na parafujo za titani. Kisha huja saa ya hadubini: mshipa uletao damu hushonwa kwa mshipa wa shingo, na uirudishao kwa mwenzake. Kibanio kinafunguliwa. Wote waliomo chumbani hukitazama kile kipande cha ngozi ya mguu, ambacho sasa kimo ndani ya kinywa, kama kitageuka rangi ya waridi.

Kazi hii hufanywa katika Kenya, lakini si katika kila mji. Inahitaji hadubini, vitanda vya wagonjwa mahututi, na watu waliosoma kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, na hao ndio waliozaa wapasuaji wa taya wa nchi hii. Pasipowezekana mfupa wenye mishipa, hutiwa bamba la titani pengoni, na baadaye mfupa wa nyonga. Bamba huzuia uso usianguke, lakini kwa miaka huweza kukatika au kutoboa ngozi.

Usiku wa kwanza ndio wa hatari. Muuguzi huja kila saa na taa, hukibonyeza kile kipande cha ngozi, hutazama damu inavyorudi, na akitia shaka hukichoma kwa sindano: damu nyekundu ni habari njema, nyeusi ni ya kumwamsha mpasuaji. Kukipita siku tano hivi, mishipa imeshika. Baada ya miezi, mfupa wa mguu umeungana na mfupa wa taya, na daktari wa meno aweza kupanda humo vijiti vya titani na kuvika meno juu yake. Ngozi yenyewe haisahau ilikotoka. Wako wanaume ambao vinyweleo vya mguu vimeendelea kuwaotea ndani ya kinywa.

Kijana wetu wa Kibokoni, akitibiwa hivyo, atarudi mtaani na kovu chini ya shavu na kuchechemea kidogo kwa muda. Jirani aliyekuwa safarini, akimkuta barazani na kikombe cha kahawa mkononi, huenda akamwuliza amepatwa na nini mguuni.